Je, Kuimba Pamoja Kwatosha?

Jioni moja baada ya mazoezi, vijana wa kwaya yetu hapa Kabambare walitujia na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Parokia moja ya Ulaya, iliyofanya nao urafiki, iliwaomba wazinase nyimbo za wazee kwa simu na kuzituma, ili vijana wa kule wajifunze kuziimba siku ya sikukuu yao. Nao wangetuma za kwao. Jambo jema. Lakini kati ya nyimbo zilizochaguliwa ulikuwamo wimbo wa matanga, na mama mmoja mzee alikataa katakata. "Mwalimu," wakatuuliza, "mama huyu ana choyo, ama ana haki?"

Wimbo si mbuzi. Ukimpa jirani mbuzi wako, zizini hayumo tena. Ukimpa wimbo, yeye anao nawe ungali nao. Basi mtu aweza kusema: hakuna aliyepunjwa, mama anyamaze. Sisi wenyewe tulikuwa karibu kujibu hivyo. Kilichotuzuia ni habari ya watoto wa Kamina.

Wengi wenu mmesikia Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa Kamina, huko Katanga, akakusanya kwaya ya watoto wa shule pamoja na walimu wao. Hakuwafungia katika nyimbo za Ulaya tu, bali aliwaacha wayaimbe maneno ya Kilatini ya Misa kwa sauti za kwao na kwa ngoma zao. Hawakuimba kwa kusoma nota. Walijua pa kuanzia na pa kuitikia, na mengine waliyabuni humo humo katika kuimba. Misa hiyo iliadhimishwa Kamina mwaka 1958. Mwaka huo huo kwaya ilizunguka Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, ikaimba pamoja na watoto waimbaji wa Vienna, na sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Tusilidharau jambo hili. Siku zile, katika misheni nyingi ngoma ilihesabiwa kitu cha kipagani kisichostahili kukaribia altare. Na hapa Padri alikubali kuwa mwanafunzi wa wanafunzi wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya Liturujia, tarehe 4 Desemba 1963, na kuagiza muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima yake, watoto wa Kamina walikuwa wamekwisha kutangulia kwa miaka mitano.

Lakini itazameni Bruseli ya mwaka huo wa 1958. Kwaya iliimba katika Maonyesho ya Dunia, watu wakashangilia. Katika Maonyesho hayo hayo palikuwa na kijiji cha Wakongo kilichozungushiwa ua, na ndani yake watu wazima, mafundi wenye kazi zao za mikono, waliwekwa watazamwe. Wako watazamaji waliowatupia ndizi, kama mtu anavyowatupia nyani. Wakongo wale wakaudhika, wakarudi kwao kabla Maonyesho hayajaisha. Watoto walipata makofi na baba zao wakapata ndizi! Twajiuliza mara nyingi kama kulikuwako mtu mmoja aliyefanya yote mawili siku moja, asubuhi uani na jioni katika wimbo, akalala vizuri.

Hapo ndipo tulipoona kwamba mtu aweza kuupenda wimbo pasipo kumpenda mwimbaji. Sikio hufurahi upesi. Moyo wataka kazi.

Tena kuna hili. "Sanctus" ya Misa ile ilifuata wimbo wa Waluba wa kuagana. Ni vizuri mno: katika kumsifu Mungu, mna uchungu wa anayeondoka. Mwaka 1968 mwongozaji Lindsay Anderson wa Uingereza aliitia "Sanctus" hiyo katika filamu yake iitwayo if...., inayosimulia vijana wa shule ya bweni wanaowaasi wakubwa wao. Mwanafunzi aipiga katika santuri yake tena na tena. Hatusemi ni dhambi. Huenda kijana yule alikuwa na uchungu wake. Lakini wangapi waliousikia wimbo ule pale walijua kwamba watu walikuwa wakiagana? Na waimbaji wenyewe je? Kwaya yao ilipewa jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Ukitajwa mtengenezaji wa Misa, atajwa Padri. Jina la Joachim Ngoi, mwimbaji mkuu, limebaki. Majina ya watoto wale, ni wangapi wanaoyajua?

Basi mbuzi na wimbo vimetofautiana, lakini si kama tulivyodhani. Sauti haichukuliki, kweli. Kinachoweza kuchukuliwa ni haki ya mwenye wimbo ya kusema: huu ni wa nini, waimbwa lini, na nani asiuimbe. Mama yetu hakuwanyima watu wa Ulaya sauti. Aliogopa kilio chake kisije kikapigiwa makofi.

Siku hizi miji nayo hufanya udugu: Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni ndugu tangu mwaka 1966. Twaufurahia udugu wa namna hii. Ila tuuangalie vizuri pale ambapo kijana wa upande mmoja hukata tikiti akaja, na wa upande wa pili hungoja viza mpaka sikukuu ipite. Tusiwalaumu wa mbali peke yao, maana hata sisi tuna deni hapa hapa. Kasongo twaishi na Waislamu ukuta kwa ukuta, twazikana, twaalikana harusini. Lakini ni kijana gani wa kwaya yetu aliyewahi kumwuliza jirani yake kaswida ile yasema nini? Twasikia dufu usiku, tunageukia upande wa pili tukalala.

Tuliwajibu vijana hivi. Mama ana haki. Watume nyimbo za mavuno na za kutwanga, na pamoja na kila wimbo kijana mmoja aseme kwa sauti yake maana yake, tena ataje jina la mzee aliyemfundisha. Wimbo wa matanga ubaki. Mgeni akija akaketi nasi chini siku ya msiba, atauimba bila kuombwa. Nao wa kule watutumie za kwao kwa sharti lilo hilo, nasi tujifunze kwa shida, kwa lugha yao, tukosee na kusahihishwa.

Wimbo wao wa kwanza umekwisha kufika. Wasema ni wa kumbembeleza mtoto. Tumeujaribu mara nne, na sauti ya pili bado yatushinda. Mama yule mzee alikuja kusikiliza kutoka mlangoni, akatuambia twaimba upesi mno, hakuna mtoto atakayelala.