Moto Msituni
JUMATANO

Soma 1 Petro 1:6, 7 na Yakobo 1:2–4. Majaribu hufanya kazi gani katika imani ya mwamini?

______________________________________________

Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, iliyoanzishwa mwaka 1890, iko katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, Marekani. Wageni hupanda huko kuuona mti uitwao General Sherman, wenye kimo cha takriban mita 84. Hakuna mti mwingine wa shina moja duniani unaojulikana kuupita kwa ujazo. Lakini anayeitazama vizuri miti hii ya sekwoya huona makovu meusi kwenye mashina. Mingi imepita motoni, tena si mara moja.

Muumba ameipa gome linaloweza kufikia unene wa sentimita 60. Tena, matunda yake magumu yenye mbegu huweza kukaa matawini yakiwa yamefumba kwa miaka mingi. Joto la moto huyakausha, yakafunguka. Mbegu ndogo sana huanguka juu ya udongo uliosafishwa, mahali ambapo jua linafika.

Kwa muda mrefu watunzaji wa msitu walizima kila moto, kwa nia njema. Miche ikawa haba, na kuni kavu zikarundikana chini ya miti. Tangu miaka ya 1960 hifadhi ilianza kuwasha mioto midogo kwa uangalifu, lakini penye kuni nyingi hatari ilibaki. Mioto mikubwa ya 2020 na 2021 iliua maelfu ya sekwoya kubwa milimani humo. General Sherman ulisalimika. Msitu unaouzunguka ulikuwa umesafishwa kwa mioto midogo mara kwa mara.

Soma Mathayo 18:15 na Waebrania 12:15. Yesu anaagiza kosa lishughulikiwe lingali kati ya watu wawili. Mara nyingi kanisani onyo la upendo halitolewi, ili amani isivurugike. Mume na mke hunyamaziana. Wazee wawili wa kanisa husalimiana mlangoni, lakini hawaongei. Hiyo si amani. Ni kuni kavu, na siku moja cheche ndogo huteketeza kusanyiko zima.

Hata hivyo, si kila moto huwashwa na Mungu (Yakobo 1:13). Mama aliyefiwa na mtoto asiambiwe kwamba Bwana alikusudia kumsafisha. Anachohitaji ni mtu wa kukaa naye. Katika Danieli 3, vijana watatu hawakuepushwa na tanuru; walikutwa humo wakitembea na wa nne. Ahadi ya Mungu kwa watu wake ni kuwapo kwake, hata pale ambapo moto hauzimwi.

Tafakari: Ni jambo gani dogo ambalo umelinyamazia nyumbani au kanisani kwa ajili ya “amani”? Utamwendea nani kabla ya Sabato ijayo, na utaanzaje mazungumzo hayo?