Kurudi kwa Baba, Kuhama kwa Mwana

Mzazi aliyekaa ugenini miaka mingi, akitaka kurejea kwao, husema kuwa anairudisha jamaa yake nyumbani. Neno hilo ni kweli kwake, lakini si kweli kwa mtoto aliyezaliwa huko. Baba anarudi, mwana anahama.

Italia yatupa mfano ulio wazi. Kwa sheria ya mwaka 1992, mtoto wa wageni aliyezaliwa katika nchi ile kwa kawaida hawi raia kwa kuzaliwa peke yake. Akikaa humo kwa halali, pasipo kukatiza, mpaka atimize miaka 18, hupewa mwaka 1 wa kutamka kuwa anautaka uraia. Jamaa ikifunga mizigo mtoto akiwa na miaka 12, haki hiyo hukatika kabla haijaiva, na aliyeikata si mwenyewe.

Je, wazazi wamedhulumu? Sidhani. Wao nao wana maisha yao, na wazee waliowaacha nyuma wana haki ya kuwaona. Lakini mamlaka ya kuamua hayafuti deni la kueleza. Mtoto aambiwe mapema kitu anachokipoteza, aachwe akililie, na lugha aliyochezea isifanywe aibu katika nyumba mpya. Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Tukumbuke kuwa asili ya mwana yaweza kuwa mtaa ule ule ambao baba aliuita ugenini.