Mfuko Mdogo na Hukumu ya Haki

Kuhukumu kazi ya mwenye mali ni jambo jepesi. Kuhukumu kazi ya mwenye uhitaji ni jambo gumu. Wa kwanza akishindwa hana la kujitetea. Wa pili akishindwa, udhuru hutangulia kufika barazani kabla yake. Halmashauri nyingi za wilaya katika Tanzania zimo katika hali ya huyu wa pili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, hwisha tarehe 30 Juni, na baada yake baraza la madiwani hukutana kupima yaliyotendeka. Neno moja husikika kabla ya mengine yote: fedha hazikutosha. Aghalabu neno hilo ni kweli. Lakini ukweli huo wasamehe nini, na nini hauwezi kukisamehe?

Si insafu kulibeza neno hilo. Serikali za mitaa zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaraka yakashikwa na watumishi wa serikali kuu. Zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, na mwaka 1984 zikaanza kazi upya. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Mwaka 2017 ushuru wa mazao, uliokuwa asilimia 5, ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kila punguzo lilikuwa nafuu kwa mkulima na pengo katika mfuko wa wilaya yake. Pengo hilo hungojea ruzuku ya serikali kuu, na ruzuku ina saa yake ya kufika. Kwa hiyo kuipima wilaya ya wakulima wadogo kwa kipimo cha mji wenye bandari na masoko makubwa ni kumshindanisha kiwete na mkimbiaji, kisha kumlaumu kiwete kwa uvivu.

Hapa watetezi wa halmashauri hutaja methali: mtu hujikuna ajipatapo. Methali ni ya haki, walakini hutumiwa nusu. Yasema kwamba mkono haufiki kila mahali. Haisemi kwamba mkono una ruhusa ya kukuna pasipowasha kwa kuwa ndipo penye wepesi. Udogo wa mfuko huamua ni mangapi yatatendeka. Hauamui lipi litangulie. Kiasi kimo katika mikono ya mvua, bei ya mazao na hazina ya taifa; utangulizi umo katika mikono ya madiwani wenyewe. Basi mahali pa hukumu ni pale penye hiari.

Na tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri ina kata 20, na katika kila kata wananchi wamechanga mawe, mchanga na nguvu zao, wakasimamisha boma la zahanati hadi usawa wa linta. Mfuko una shilingi milioni 100 tu, na kukamilisha zahanati moja kwataka milioni 50. Kila diwani ameahidi watu wake. Njia iliyo rahisi kwa amani ya baraza ni kugawa sawa: milioni 5 kwa kila kata. Hakuna anayenuna, na taarifa ya mwaka yaweza kutangaza miradi 20 iliyoendelezwa. Lakini mwaka ukiisha hapana mgonjwa hata mmoja aliyetibiwa chini ya paa lolote. Usawa umepatikana, na kilichogawanywa kwa usawa ni kukosa.

Usawa wa namna hii una sura ya haki bila roho yake. Hata hivyo, hoja ya upande wa pili haitupiki. Zahanati 2 zikikamilishwa, kata 18 zitangoja, na nani atakayeziambia kwamba zamu yao itafika? Mchaguzi wa kata ya mbali amekwisha kuona zamu nyingi zikipita kando ya mlango wake na kuingia kwa jirani wa wakubwa. Hofu yake ni elimu aliyoipata kwa gharama. Madiwani hugawa vipande kwa kuwa hakuna anayeamini ahadi ya mwaka ujao. Na hakuna anayeiamini kwa kuwa kila mwaka huanza kana kwamba uliopita haukuwapo.

Ndipo thamani ya tathmini ya mwaka inapoonekana. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye madaraka yake yamo katika ibara ya 143 ya Katiba, hukagua vitabu na kutoa hati. Hati inayoridhisha ni sifa njema, na hazina ya umma haiwezi kulindwa bila ukaguzi. Lakini hati hiyo ni ushahidi juu ya hesabu. Boma lisilo na paa laweza kuwa na stakabadhi zake zote. Swali ambalo hati haikuwekwa kulijibu ni hili: yaliyoachwa yaliachwa kwa sababu gani, na walioachiwa waliambiwa nini?

Kuahirisha haja ya mtu kwa sababu ya ufukara si dhuluma. Kuiahirisha kimya kimya ndiyo dhuluma, maana humnyima mwenye haja hata ile haki ya kujua mahali pake katika foleni. Ibara ya 146 ya Katiba yataja kuhamishia wananchi madaraka kuwa ndiyo madhumuni ya serikali za mitaa. Madaraka ya mtu asiyejua zamu yake ni jina tupu. Kata inayongojea yapaswa kuandikwa, sababu ya kungojea isomwe hadharani, na mwaka unaofuata deni hilo lifunguliwe kwanza kabla ya ahadi mpya.

Wananchi nao hawamo nje ya mizani. Anayekwepa ushuru sokoni kisha akalalamikia zahanati ameupunguza mfuko anaoulaumu. Lakini mtu hutoa kwa moyo pale aonapo kilichotolewa jana kilikwenda wapi, na kuonyesha hivyo ni kazi ya halmashauri.

Ufukara, basi, ni udhuru wa uchache. Si udhuru wa upendeleo, wala wa ukimya. Halmashauri iliyokamilisha mawili, ikataja waziwazi kumi na manane yaliyobaki na zamu zake, imefanya kazi ya mwaka mzima. Iliyogusa ishirini bila kukamilisha hata moja imetumia fedha zote na imebaki na deni lote.