Ahadi kwa Haramia

Msomaji wa hadithi za safari na hatari huwa na pupa. Hutamani kujua nani atakufa, nani atapona, na mali itaangukia mikono ya nani. Akishapata jawabu hukifunga kitabu kama mlaji aliyeshiba. Sina neno na raha hiyo, kwani nami nimeionja. Lakini kitabu cha Robert Louis Stevenson, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, nilikisoma safari hii kwa namna nyingine: sura moja kila jioni, pamoja na vijana wanne, kwa sharti kwamba asiwepo wa kufunua sura ya mbele kabla ya kutoa hukumu juu ya ile iliyosomwa. Sura zake ni 34, basi tulikaa nacho zaidi ya mwezi. Wasomaji wake wa kwanza nao walikingojea hivyo hivyo, maana kilitoka kidogo kidogo katika gazeti la vijana la Uingereza, mwaka 1881 na 1882, kabla ya kuwa kitabu mwaka 1883.

Katika sura ya 22 Jim Hawkins anatoroka bomani bila ruhusa. Nahodha Smollett ni majeruhi, daktari ametoka, na wazima wanaobaki kulinda ni wawili tu. Vijana wangu walimlaumu kwa sauti moja. Ilipofika sura ya 26, Jim ameiteka merikebu na kuificha, wale wale wakamsifu! Niliwauliza kama tendo laweza kuwa ovu Jumatatu na jema Ijumaa, na hali mtendaji hakubadili nia yake. Jim alipotoka hakuwa na shauri la kuteka chombo. Alikwenda kutafuta mashua ya Ben Gunn, na mengine yakazaliwa njiani. Bahati ilimfadhili. Nahodha, nadhani, aliliona hilo, kwani mwishoni anamwambia waziwazi kwamba hatasafiri naye tena. Wasomaji wa haraka humwona mzee huyo mkavu. Mimi naona yeye peke yake ndiye aliyeikumbuka sura ya 22.

Lakini jioni iliyotushinda ni ya sura ya 30. Jim ni mateka wa maharamia. Daktari Livesey amekuja kuwatibu wagonjwa wao, na Silver anamruhusu kijana azungumze naye penye uzio, baada ya kumwapisha kwamba hatatoroka. Silver ni nani? Ni yule aliyesikiwa akipanga khiyana karibu na pipa la matofaa, na aliyemuua baharia mwaminifu kwa sababu hakukubali uasi. Daktari anamsihi Jim aruke uzio wakimbie. Lawama na aibu ataibeba yeye daktari. Jim anakataa. Ametoa neno lake, naye atarudi.

Kijana mmoja alisema ahadi iliyotolewa mbele ya kisu si ahadi, na muuaji hana haki ya kudai uaminifu asiokuwa nao. Hoja hiyo ina nguvu, wala sikuweza kuivunja yote. Nilijibu kwamba Silver naye alikuwa amejitia hatarini kwa kumkinga Jim na wenzake, na Jim akikimbia, wenzake hao wangemgeukia Silver. Tena, deni naweza kumlipia ndugu yangu; je, aibu ya kuvunja neno langu ataibebaje mwingine? Daktari alitoa kwa moyo mwema kitu ambacho, naona, hakipokeleki.

Tulibishana hata taa ikafifia. Ndipo wa nne, aliyekuwa kimya, akasema: "Alifanya vema kubaki, kwa sababu daktari na wenziwe watawavizia maharamia penye shimo la hazina, naye ataokoka."

Kumbe alikwisha kusoma sura ya 33. Wenzake walimgeukia kwa hasira, na yule mtetezi wa daktari, aliyempinga Jim jioni nzima, ndiye aliyekasirika zaidi. "Hatukukuuliza kama ataokoka," akamwambia.