GHARAMA YA MCHEZO NA HAKI ZA WATU

 

Kijana mmoja wa darsa yetu hapa Kericho alinijia baada ya sala ya Isha, akaniuliza mas'ala ambayo sikupata kuulizwa kabla yake. Kijana huyu ni fundi wa pikipiki. Mchana kutwa hutengeneza pikipiki za wachukuzi wa abiria, na kwa akiba ya miaka mitatu alijinunulia pikipiki kuukuu ya motokrosi, yaani pikipiki ya kushindania katika njia ya udongo iliyojengwa vilima vya kurukia na kona kali. Hapati mshahara kwa mchezo huo, wala hautarajii. Hushindana kwa mapenzi yake tu. Akaniambia: "Maalim, kila mwaka pikipiki hii yanila zaidi. Je, fedha ninazoitolea ni israfu?"

Nilimjibu pale pale, nami nimesimama mlangoni nikivaa viatu: "Ni israfu. Iuze." Akainamisha kichwa, akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Usiku ule sikuridhika na jawabu langu. Nilikumbuka kwamba siku chache kabla yake nilialikwa katika karamu ya harusi ambayo mwenyewe aliikopea, nikala, nikaomba dua, nikarudi nyumbani bila ya kusema neno. Basi kwa nini nilikuwa mwepesi wa kuhukumu pikipiki na mzito wa kuhukumu karamu? Sababu ni dhahiri, na ni aibu kuisema: mchezo ule si wangu, na karamu ile ilikuwa ya watu wangu. Mwenye kuhukumu kwa mizani hii hakuhukumu, bali amepima mambo kwa mazoea yake. Kwa hiyo nairudia mas'ala hii leo mbele yenu, ndugu zangu, ili jawabu la haraka lisibaki likaitwa hukumu.

MCHEZO WENYEWE NA GHARAMA ZAKE

Mashindano haya yalianza Uingereza mwaka 1924 huko Camberley, na leo yako katika nchi nyingi. Kwetu Kenya uwanja wake mashuhuri uko Jamhuri Park, Nairobi. Na jirani zetu wa Uganda wanao uwanja wa Garuga, karibu na Entebbe. Kijana wetu atokapo Kericho kwenda Jamhuri hukodi gari la kubebea pikipiki mwendo wa zaidi ya kilomita 250, na kurudi vivyo hivyo.

Nilimwomba anieleze gharama moja moja, kwani haifai kuhukumu jambo usilolijua. Akanifahamisha ya kwamba pikipiki ya mchukuzi huhesabiwa umri wake kwa kilomita, nayo huenda maelfu na maelfu kabla injini yake haijafunguliwa. Lakini ya mashindano huhesabiwa kwa saa. Baada ya saa chache za kushindana oili hubadilishwa. Baada ya saa kadhaa nyingine pistoni na ringi zake huvuliwa zikatiwa mpya, hata kama macho hayaoni kasoro. Chujio la hewa husafishwa kila mara inapotoka. Na sisi tulioishi katika nchi ya chai twajua mvua yetu ya alasiri: kijana akifanya mazoezi katika njia za mashamba, matope huila cheni, huingia katika beringi na huchakaza breki. Zaidi ya hayo kuna tairi, kuna kofia ngumu, viatu na ngao ya kifua, na kuna ada ya kuingia mashindanoni.

Vipuri hivyo havitengenezwi kwetu. Vyatoka Japani, Austria na kwengineko, navyo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Miaka michache kabla ya 2020 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 100. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilikaribia shilingi 160, kisha ikashuka ikawa kiasi cha 130, wala haikurudi ilikotoka. Mwezi wa Septemba 2023 lita ya petroli ilipita shilingi 200 Nairobi. Kijana huyu hakuongeza anasa hata moja. Pikipiki ni ile ile, na uwanja ni ule ule, lakini gharama imepanda akiwa amesimama mahali pake. Jambo hili tulishike vizuri, kwani tutalihitaji mbele.

MASHINDANO KATIKA SHERIA

Wako watakaosema: mchezo wote ni upuuzi, na kila senti iingiayo humo imepotea. Kauli hii haisimami. Imesihi katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi. Waliokondeshwa kwa mazoezi walikimbia kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, kiasi cha maili sita au zaidi kidogo. Na wasiokondeshwa walikimbia kutoka hapo Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, kiasi cha maili moja. Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tazameni uadilifu uliomo: farasi aliyegharimiwa na kuzoezwa hakuwekwa mstari mmoja na asiyezoezwa, bali kila kundi lilipewa masafa yake.

Na imepokewa tena kwamba ngamia wa Mtume, Al-Adhbaa, alikuwa hashindwi, mpaka akaja bedui mmoja juu ya ngamia kijana akamshinda. Masahaba wakaona uzito, naye Mtume akawafundisha kwamba ni desturi ya Mwenyezi Mungu kukishusha kila kilichopanda hapa duniani. Hapa napo pana funzo: mlango wa mashindano haukufungwa usoni mwa bedui kwa kuwa hana kitu.

Basi kushindana kwenyewe ni halali. Lililo haramu ni kamari. Wenye kushindana wakitoa fedha wote kwa sharti mshindi azichukue zote, wanavyuoni wengi wameiita kamari. Na watazamaji wakiwekeana dau, hilo halina shaka. Lakini zawadi itolewayo na mtu wa nje, wengi wameielekea kwa wepesi katika mbio za farasi na ngamia, na wamekhitilafiana katika vyombo visivyokuwa hivyo. Kijana wetu hashindanii fedha, kwa hiyo hatuna haja ya kulirefusha.

Lililobaki ni israfu, na hapa ndipo nilipokosea. Nilidhani israfu ni wingi wa fedha. Lakini katika Sura ya Bani Israil tumeamrishwa kuwapa jamaa haki yao, na maskini na msafiri, na ndani ya aya hiyo hiyo tukakatazwa ubadhirifu. Mambo haya hayakuwekwa pamoja bure. Ubadhirifu haujulikani kwa kuitazama fedha iliyotoka peke yake. Hujulikana kwa kumtazama yule aliyekoseshwa haki yake ilipotoka. Tajiri aweza kununua kitu cha ghali na asimdhulumu mtu, na masikini aweza kununua kitu rahisi kwa maziwa ya mtoto wake.

Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba farasi ni kwa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwengine ni sitara, na kwa mwengine ni mzigo wa dhambi. Mnyama ni mmoja, majani anayokula ni yale yale, na gharama yake ni ile ile. Kilichotafautisha ni nia ya mwenyewe na haki alizozitimiza au alizozisahau. Aliyemfuga kwa fakhari na maonyesho ndiye aliyebeba mzigo. Pikipiki haikutoka katika kanuni hii.

HAKI TATU

Kwa hiyo mwenye kutaka kujua hukumu ya mchezo wake ajiulize juu ya haki tatu.

Ya kwanza ni haki ya wanaomtegemea na wanaomdai: wazazi, mke, watoto, na mwenye deni. Hawa hutangulia. Na mwenye kukopa kwa riba ili anunue kitu cha kuchezea amekusanya makosa mawili, kwani dharura haimo hata chembe.

Ya pili ni haki ya nafsi yake. Hapa wengi hudanganyika, kwani gharama inapopanda hawauachi mchezo, bali huyaacha matengenezo. Huiambia pistoni iliyochoka, "Vumilia mbio moja tena." Hufunga breki iliyokwisha na kofia iliyopasuka, wakaona wamepunguza matumizi. Hawakupunguza kitu. Wamelipa kwa shingo zao kile ambacho hawakuweza kulipa kwa mifuko yao, na shingo hiyo ni amana. Asiyeweza kuitunza pikipiki ya mashindano hana pikipiki ya mashindano. Ana khatari iliyosimama uani. Na aangukapo mbele ya wenziwe huwaangusha nao.

Ya tatu ni haki ya wakati: sala zake, kazi yake, na elimu yake. Tutaulizwa juu ya umri tulivyoumaliza, kama tutakavyoulizwa juu ya mali tulikoipata na tulikoitia.

Na haki hizi hazihesabiwi mara moja zikaisha. Hapa narudi kwenye lile nililosema tulishike. Mtu aweza kuuanza mchezo akiwa na nafasi, ukawa halali kwake wala asilaumiwe. Kisha dola ikapanda, au baba akaugua, na mchezo ule ule ukawa dhuluma bila ya yeye kubadilisha kitu. Ndiyo maana haifai kusema, "Miaka yote nimefanya hivi." Mwenye mali huhesabu zaka yake kila mwaka unapotimia, wala haitegemei hesabu ya mwaka jana. Na matumizi ya starehe yahesabiwe hivyo hivyo: kila mwaka mtu akae na daftari lake aulize, mwaka huu ni haki ya nani inayolipia furaha yangu?

JAWABU

Nilimwita kijana yule, nikamtaka radhi kwa haraka yangu, kisha nikamuuliza swali moja: "Fedha ya pistoni ya mwisho ilitoka wapi?" Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema ilitoka katika bonasi ya majani chai ya mama yake. Bibi huyu ana shamba dogo, huchuma kwa mikono yake mvuani na kupeleka majani kiwandani mwaka mzima, na bonasi hulipwa mara moja kwa mwaka. Alikuwa ameitenga kwa karo ya binti yake mdogo. Kijana aliiomba kwa ahadi ya kuirudisha muhula ukianza, na muhula ulianza, na binti akakaa nyumbani wiki mbili.

Nikamwambia: "Mwanangu, mchezo wako sikuuharamisha. Lakini pistoni ile si yako. Ni ya dada yako." Hakujibu. Nami sikuongeza, kwani niliona kwamba jambo limefika.

Tukaafikiana hivi: pikipiki ikae chini ya turubai mpaka bonasi ya mama irudi yote. Baada ya hapo, mchezo ulipiwe na kazi yake ya ziada tu, na daftari liandikwe. Na kwa kuwa wako vijana wengine watatu wenye mapenzi hayo, nimewashauri washirikiane katika pikipiki moja iliyotunzwa vyema, kuliko kila mmoja kuwa na moja iliyochoka. Kwa wanaoandaa mashindano, sunna ya masafa mawili ni mwongozo mzuri: wawawekee wenye pikipiki rahisi mbio zao, wasishindanishwe na wenye pikipiki mpya, ili mchezo usibaki kuwa wa wenye fedha peke yao.

Wala wasione haya kwa kuwa na chombo kikuukuu. Joginder Singh alizaliwa papa hapa Kericho mwaka 1932, akawa fundi wa magari. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, naye mwaka 1965 aliyashinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwisha tumiwa na wengine. Akayashinda tena 1974 na 1976. Hakuwa wa dini yetu, lakini hikima ni kitu kilichompotea Muumini, huichukua popote aionapo. Ujuzi wa mikono na utunzaji huziba pengo kubwa la fedha. Walakini hauwezi kuziba haki ya mtu.

Na mimi nilibakiwa na deni langu. Nimekwenda kwa yule mwenye harusi, si kwa kumlaumu, kwani karamu imekwisha liwa, bali kumwambia kwamba nilipaswa kumnasihi kabla ya sufuria kupanda jikoni. Akacheka kwa uchungu, akanionyesha daftari la madeni yake. Basi enyi wenzangu wa darsa, tusiwe wakali kwa starehe za vijana na wapole kwa starehe zetu. Karamu, khitima zenye kupikiwa nchi nzima, nguo za sikukuu za kukopa, zote hizi ziwekwe katika mizani ile ile iliyowekewa pikipiki ya fundi huyu, na swali liwe lile lile.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atuwezeshe kuifikisha kwa wenye haki kabla ya nafsi zetu. Na Yeye ndiye ajuaye zaidi.