Kiri, Rudisha, Ongeza

Somo kuu: Hesabu 5:5-8
Soma pia: Luka 19:1-10; Kutoka 22:2-3

Kwa wale ambao Jumapili mlikuwa kazini au safarini, huu ndio ufupisho wa ujumbe. Na kwa wale mliokuwepo mkaniona nimenyamaza pale katikati ya mahubiri, leo naandika kile ambacho siku ile sauti ilinikataa.

Nilipomaliza chuo na digrii yangu ya biashara, miaka kumi na mbili iliyopita, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa katika kwari moja hapa kwenye kaunti yetu. Mawe ya kujengea, kokoto, baruti mara mbili kwa wiki. Cheo changu kilikuwa afisa wa uhusiano na jamii. Yaani jirani akilalamika, anatumwa kwangu.

Siku moja nilitumwa kwa shosho mmoja mjane. Ukuta wa nyumba yake ulikuwa umepasuka kutoka dirishani hadi chini, ufa wa kupitisha mkono. Nilimbebea shilingi 8,000 na karatasi. Karatasi ilisema kwamba pesa hizo ni hisani tu, kwamba kampuni haikubali kosa lolote, na kwamba yeye hatadai tena wala kushtaki. Ilikuwa kwa Kiingereza. Nilimweleza kwa ufupi, ufupi sana. Kisha nikafungua wino nikamwambia, "Shosho, weka kidole hapa."

Akaniangalia. "Kijana wangu, kwa hivyo nyumba yangu ilijipasua yenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka kidogo, kile kicheko cha ofisi. Akaweka kidole, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na ukuta ulikuwa wazi. Lakini mimi nilikuwa nimeliona daftari la baruti. Nilijua siku, nilijua saa.

Sasa hebu tuangalie Neno.

Katika Hesabu 5, Mungu anampa Musa sheria ya mtu aliyemdhulumu mwenzake. Angalia kwanza kwamba hiyo dhuluma haiitwi shida ya watu wawili. Inahesabiwa kuwa ni kumkosea BWANA mwenyewe. Halafu aliyekosa anapewa hatua, na zina mpangilio. Akiri kosa alilofanya. Arudishe kamili. Aongeze juu yake sehemu ya tano, na hiyo kwa hesabu zetu ni asilimia 20. Na ampe yule yule aliyedhulumiwa. Asipokuwepo, na hakuna jamaa wa kupokea, malipo yanapelekwa kwa BWANA kupitia kuhani. Deni halifi kwa sababu mwenye kudai amekufa.

1. KIRI

Wapendwa, kukiri ndiyo hatua ambayo ofisi nyingi hupenda kuruka. Chukua mfano wa Tanzania, mgodi wa almasi wa Williamson kule Mwadui, Shinyanga. Kwa miaka mingi wanakijiji walilalamika kwamba walioingia katika eneo la mgodi kutafuta almasi walipigwa, walipigwa risasi, wengine walizuiliwa na kuteswa na walinzi. Mwezi wa Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi huo, ilikubaliana na watu 71 waliokuwa wameshtaki Uingereza. Jumla ilikuwa pauni milioni 4.3.

Tuwe wa haki, kampuni haikunyamaza. Ilisema wazi kwamba kulikuwa na matukio ambayo watu walipoteza maisha, wakajeruhiwa na kutendewa vibaya, ikasikitika. Mkandarasi wa ulinzi aliondolewa. Ofisi ya kupokea malalamiko ya wengine ikaahidiwa. Hayo ni mengi kuliko yale tuliyofanya sisi kwenye kwari yetu. Lakini makubaliano yenyewe yalifungwa bila kampuni kukubali lawama kisheria.

Nimesoma biashara, naelewa kwa nini. Wakili anakuambia, ukikubali hili moja, kesho wanakuja mia. Na kweli kuna madai ya uongo. Ndiyo maana kuna korti. Lakini sheria ya Mungu haikuanza na pesa. Ilianza na mdomo. Pesa bila kukiri inamwambia aliyeumia, "Shika hii, na ukubali kwamba hakuna aliyekuumiza." Ndiyo ilikuwa karatasi yangu kwa shosho.

Mtu ataniuliza, "Pasta, si hao watu waliingia kwa mgodi bila ruhusa?" Ndiyo, na hilo ni kosa. Lakini soma Kutoka 22. Mwizi akipatikana usiku akivunja nyumba, sheria ina neno lake. Jua likishachomoza, anayemuua ana hatia ya damu. Hata maisha ya mwizi yalikuwa na ulinzi wa Mungu! Tuna ndugu wengi hapa kanisani ambao ni masoja wa mageti, wa mashamba ya maua, wa kwari. Ndugu yangu, rungu ulilopewa na kampuni halikuondoi mbele za Mungu. Mkubwa wako akikuambia "mfundishe adabu", jua ni wewe utakayesimama na hiyo damu.

2. RUDISHA KWA MWENYEWE

Tunapenda sana habari ya Zakayo. Mnamkumbuka juu ya mti. Lakini mimi kama mtu wa hesabu nataka muone alivyopanga vitabu vyake. Alifungua akaunti mbili. Ya kwanza, nusu ya mali yake kwa maskini. Ya pili, kila aliyemdhulumu anarudishiwa mara nne. Hakuchanganya! Hakusema, "Bwana, nimesaidia maskini wa Yeriko, kwa hivyo wale niliowaibia tumemalizana."

Hapa ndipo kampuni nyingi za madini duniani hujikwaa. Kijana amepoteza mguu. Kampuni inachimba kisima kijijini. Mama amepoteza mume. Kampuni inapaka rangi darasa, picha inapigwa. Kisima ni kizuri, tusikikatae. Lakini kisima si mguu. Kisima ni zawadi kwa wote, na mguu ni deni la mtu mmoja mwenye jina.

Nilipoiona ile pauni milioni 4.3 ya Mwadui, nilichukua kalamu nigawanye kwa 71. Haigawanyiki hivyo. Ndani ya jumla hiyo kulikuwa na fidia ya waliodai, gharama za mawakili wao, na pia miradi ya kijamii. Sisemi kuna aliyeiba. Nasema Zakayo angeandika mistari tofauti, ili kila mtu ajue lipi ni sadaka na lipi ni deni.

Na sisi kanisa tusicheke kampuni. Kampuni ikituletea mabati ya jengo letu, tutashukuru. Lakini kabla ya kukata utepe, twende tuulize majirani wa hiyo kampuni wanalalaje.

3. ONGEZA

Kwa nini sehemu ya tano? Kwa sababu aliyedhulumiwa amepoteza zaidi ya kitu chenyewe. Amepoteza muda, nauli, usingizi, heshima kwa majirani. Mungu anajua kwamba kurudisha kamili bado si kamili.

Sasa linganisha na North Mara, mgodi wa dhahabu kule Nyamongo, Tarime, ng'ambo tu ya mpaka upande wa Kuria. Mei 2011 umati uliingia mgodini, na polisi waliokuwa wakiulinda waliwapiga risasi na kuwaua watu wasiopungua watano. Mwaka wa 2013 wanakijiji walishtaki kampuni, African Barrick Gold, kule London. Kampuni ilikana madai hayo, na Februari 2015 kesi ikamalizwa nje ya korti, masharti hayakutangazwa. Lakini kabla ya hapo kampuni ilikuwa na utaratibu wake wa malalamiko, na waliopokea fidia kupitia huo walitakiwa kutia sahihi kwamba hawataishtaki.

Umeona? Mungu anasema ongeza. Karatasi inasema punguza: pokea kidogo, halafu toa haki yako ya kwenda kwa hakimu. Na ni nani aliyeketi kuamua kiasi? Yule yule aliyelalamikiwa. Katika Hesabu 5 hakuna mahali ambapo mkosaji anajiamulia kiwango chake. Kiwango kimewekwa na Mungu, na kuhani yuko pale.

Umoja wa Mataifa mwaka wa 2011 ulipitisha miongozo kuhusu biashara na haki za binadamu. Inasema kampuni ziwe na njia ya kupokea malalamiko, lakini njia hiyo iwe ya haki, ya wazi, na iaminiwe na wale inayowahudumia. Nilisoma hiyo nikatabasamu. Musa alikuwa ameshafika huko kitambo.

Na tusifikiri haya ni ya Tanzania peke yake. Hapa kwetu Naivasha, mwaka wa 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kwa ajili ya mradi wa mvuke wa Olkaria IV, zikapelekwa mahali panapoitwa RAPland. Huo si mgodi, lakini ni shughuli ile ile: utajiri uko chini, watu wako juu. Walijengewa nyumba, shule, zahanati. Bado wakalalamika kuhusu hati ya ardhi, barabara na makorongo. Malalamiko yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliokuwa wamekopesha. Wakaletwa wapatanishi wa nje, KenGen na jamii wakaketi meza moja, na mwaka wa 2016 wakatia sahihi makubaliano. Kusaini si kutimiza, na wanaoishi pale ndio wanaojua kilichotimizwa. Lakini meza yenye mtu wa tatu ni bora kuliko kidau cha wino mkononi mwa kijana wa kampuni.

NILICHOFANYA

Nilikuwa nikiandaa ujumbe huu, Jumanne usiku, nikafika mstari wa saba. Roho Mtakatifu hakuniambia kuhusu Mwadui. Aliniuliza, "Na shosho?"

Alhamisi nilipanda matatu nikaenda. Yuko hai. Masikio yamepungua, lakini alinijua kabla sijataja jina. Nilimwambia, "Ile baruti ndiyo ilipasua nyumba yako. Nilijua siku ile, na nikakuficha." Deni la kampuni siwezi kulilipa, ila uongo ule ulikuwa wangu. Nilikuwa na shilingi 9,600 kwenye bahasha: zile 8,000 na sehemu ya tano.

Hakuigusa bahasha. Akauliza, "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, shosho."

"Basi rudi Jumamosi. Useme hivyo hivyo majirani wakisikia. Wao ndio walisema mimi ni mzee wa tamaa."

Wapendwa, mimi nilidhani deni ni la ukuta. Kumbe lilikuwa la jina lake. Jumamosi nilirudi, nikasema mbele ya majirani saba, miguu ikitetemeka. Nikamwandikia pia barua kwa Kiswahili, nikatia sahihi yangu. Akitaka kuipeleka kwa chifu au kortini, ni yake. Mzee mmoja wa kanisa ameniuliza kama hilo lilikuwa jambo la busara kwa mchungaji. Sijui litanifikisha wapi. Najua tu kwamba singeweza kusimama madhabahuni kuhubiri mstari wa saba na barua ile bado haijaandikwa.

YA KUTENDA WIKI HII

Wewe uliyemkosea mtu, awe mfanyakazi wako, mpangaji wako au jirani, usianze na M-Pesa. Anza na mdomo.

Wewe unayefanya ofisini, usimpe mtu karatasi ya lugha asiyoijua. Msomee yote. Mwache aende nayo nyumbani.

Wewe uliyeumizwa, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Nenda na shahidi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa Nakuru, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko. Na mtu asikuambie kwamba kusamehe ni kusema nyumba ilijipasua yenyewe. Kusamehe ni kuachilia kisasi. Ukweli tunaushika.

Tuombe: Baba, tupe mdomo wa kukiri kabla hatujafungua mfuko. Wakumbuke waliozika watu wao Nyamongo na Mwadui. Wape wenye ofisi hofu yako, na uwape walioumizwa shahidi. Katika jina la Yesu, Amina.