Ndugu wa Mfiwa ni Nani Baada ya Matanga?

Kila mmoja wetu aliyewahi kufiwa aijua siku ile ya kuondoa matanga. Mikeka iliyotandikwa uani yakunjwa, masufuria ya kuazima yarudishwa kwa wenyewe, jamaa waliotoka mbali wapanda basi, na nyumba iliyokuwa imejaa watu yabaki kimya. Hapo ndipo mfiwa aanzapo kufiwa kwa kweli. Siku za kwanza alikuwa na watu wa kumshika mkono. Sasa ana kuta nne, na jina ambalo akiliita haliitikiwi. Swali letu la leo latoka katika kimya hicho: baada ya matanga, ndugu wa mfiwa ni nani?

Hatuulizi kwa kupenda ubishi. Katika mitaa yetu ya Handeni na Korogwe tumeona mambo mawili. Tumeona ndugu wa damu wa marehemu wakifika kabla ya arobaini ili kuhesabu mabati, mbuzi na cherehani, na mjane akaachwa na watoto na mkeka. Na tumeona jirani wa kabila jingine, asiyehusika kwa damu wala kwa ndoa, akipeleka ndoo ya maji na kibaba cha unga mlangoni pa mjane huyo huyo mwaka mzima, bila kusifiwa na mtu. Tukisema wale wa kwanza ni ndugu na huyu wa pili ni jirani tu, basi maneno yetu yamepungukiwa na kitu.

Wako watakaosema damu ni nzito kuliko maji, na shauri limekwisha. Wengine watajibu kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Methali zote mbili ni zetu, na wazee waliotuachia hawakuwa wajinga. Basi yafaa tupime. Na katika kupima twapenda kuanza na hadithi ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni, kisha tukaisahau kama tunavyosahau mambo ya shule.

Hadithi hiyo ni Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert, mtu wa mkoa wetu huu wa Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kitabu kilitolewa mwaka 1952. Mwandishi huyu hakuujua msiba kwa kusikia tu: alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi la kumlilia ambalo watu hulisoma hata leo. Kwa hiyo alipoandika juu ya majonzi alijua asemalo.

Hadithi yenyewe imejaa maajabu. Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, afika kwa Adili, mtawala wa Janibu, mtu mwema anayependwa na wote. Usiku Ikibali aona jambo la kutisha. Adili aenda walipo manyani wawili, awachapa kwa mjeledi, na baada ya kuwachapa alia pamoja nao na kuwalisha kwa upole. Habari zamfikia mfalme, na Adili aitwa ajieleze. Manyani hao, asema, ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Yeye aliwatendea mema, nao wakamtupa baharini kwa wivu. Jini aitwaye Huria, ambaye Adili alikuwa amemtendea hisani zamani, alimwokoa, akawageuza nduguze kuwa manyani, akamwamuru awapige kila usiku. Naye Adili akiacha, ataadhibiwa yeye. Tena yumo binti mmoja, Mrembo. Adili alimkuta katika mji ambao watu wake wote walikuwa wamegeuka mawe, yeye peke yake akiwa hai, akaondoka naye.

Mtu aweza kuuliza, majini na manyani yanatufaa nini sisi tuliofiwa? Twajibu kwamba yatufaa kwa sababu msiba wenyewe wafanana na ajabu hizo kuliko unavyofanana na maneno ya hotuba. Aliyefiwa aamka asubuhi akashangaa kwamba jua limechomoza kama jana. Aingia sokoni, watu wanauza na kununua, naye aona kama wote ni mawe, au kama yeye ndiye jiwe kati ya watu. Ukimwambia mtu huyo, «Jikaze, ni kazi ya Mungu», umesema kweli, lakini hujaingia mjini mwake. Adili aliingia katika mji wa mawe, akaonana na yule aliyebaki, na hakumwacha pale. Huo ndio mwanzo wa kuponywa kwa Mrembo: mtu alikuja hata alipokuwa. Hakuwa wa ukoo wake. Watu wa ukoo wake walikuwa mawe.

Sasa tuwatazame wale manyani, maana hapo ndipo penye fumbo. Kupiga, Adili aliamriwa. Kulia na kulisha hakuamriwa na mtu, kulitoka kwake. Damu haikuwazuia Hasidi na Mwivu kumtupa ndugu yao majini. Kama undugu ungekuwa damu peke yake, ungekuwa umekwisha siku ile. Lakini uliendelea, kwa sababu kila usiku mtu mmoja aliyedhulumiwa alikaa na wale waliomdhulumu, wakiwa na sura ya wanyama, akawahesabu kuwa nduguze. Mwisho mfalme Rai aliwaombea kwa jini, wakarudishiwa utu wao, wakatubu, wakasamehewa. Twaona kwamba jini aliweza kubadili sura tu. Kilichowafanya wabaki kuwa na mahali pa kurudi ni yale machozi na kile chakula.

Hayo ni ya kitabuni. Tuje Korogwe, kwenye mkonge, ambako mambo kama haya yalitendeka bila jini. Wazee wetu wanakumbuka manamba, watu walioletwa kwa mikataba kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi, wakaitwa kwa namba zao. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliacha mama na shangazi kwao, safari ya siku nyingi, akaja kukata majani ya mkonge Ngombezi au Magunga. Akifa, barua ilikawia, na ukoo wake haukuweza kufika. Nani alimzika?

Walimzika watani. Mnyamwezi na Mzigua wana utani wa zamani, na makabila mengine kadhalika. Utani huo, ambao watu wengine huudhani kuwa mchezo wa kutukanana tu, ulikuwa na kazi nzito. Mtani alishika jembe akachimba kaburi. Mtani alisimamia mambo ambayo mfiwa hakuwa na nguvu ya kuyasimamia. Tena mtani peke yake ndiye aliyeruhusiwa kufanya jambo ambalo ndugu wa damu angepigwa kwa kulifanya: kumtania mfiwa katikati ya kilio, kumwigiza marehemu alivyotembea na alivyodai deni lake, hata mfiwa akacheka huku machozi yakimtoka. Na aliyecheka msibani amekwisha kujua kwamba ataishi. Watu hao walikuwa wageni wao kwa wao, wakaamua kuwa jamaa. Wajukuu wao leo wamo katika mitaa yetu, na wengi hawajui tena babu yao alishuka kutoka gari gani.

Hapo mtetezi wa damu atasimama aseme: mmesahau Chogo. Naye ana haki ya kusema. Katika karne ya 19 njaa kubwa iliipiga nchi ya Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, wakachukuliwa kwa majahazi mpaka pwani ya Benadir, Somalia, wakawa watumwa. Baadaye kundi lao lilitoroka. Mapokeo yao yasema waliongozwa na mwanamke aliyejua kutazamia, jina lake Wanankhucha, wakakusudia kurudi kwao kusini. Walifika mto Juba, wakakaa huko, vizazi kwa vizazi. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 walikimbia, na wengine walifika Tanga. Waliwekwa kwanza Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, wakapewa ardhi ya kulima, na baadaye njia ya kupata uraia ikafunguliwa. Na walipofungua vinywa, wenyeji waliwasikia wakisema Kizigua. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini ng'ambo, na lugha ya bibi zao ilikuwa bado ipo. Je, hiyo si nguvu ya damu?

Twakubali kwamba ni jambo kubwa, wala hatutaki kulipunguza. Lakini tulitazame vizuri. Damu haisemi Kizigua. Mtoto huzaliwa bila neno hata moja. Kama lugha ile ilifika Chogo, ni kwa sababu kila mama, kizazi baada ya kizazi, katika nchi ambako kusema hivyo kulimletea dharau, alichagua kumwita mtoto wake kwa maneno yale. Tena kule mtoni Juba hawakuishi Wazigua peke yao. Walikaa na Wayao, Wamakua na wengine waliotoka utumwani kama wao, wakalima pamoja na kuzikana. Na waliporudi huku, kujulikana kuwa ni wajukuu hakukuwashibisha. Mwenye njaa hashibi kwa kuambiwa jina la babu yake. Ilipasa mwenyeji asogee, mpaka wa shamba upimwe upya, mtoto mgeni apate nafasi kwenye dawati. Pale mambo hayo yalipotendeka, undugu wa zamani ulifufuka.

Basi maoni yetu ni haya. Damu yatupa deni. Haitupi stakabadhi ya kwamba deni limelipwa. Mtu aliyezaliwa na marehemu ana wajibu wa kwanza kwa mjane na yatima, naye akiukimbia asijifiche nyuma ya jina la ukoo. Na mtu asiye na deni hilo, akijitwika kwa hiari yake, amekuwa ndugu, na haki yake ni kuitwa hivyo. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Ruthu, Mmoabi, mjane aliyekuwa na ruhusa ya kurudi kwao, akaandamana na mkwewe aliyefiwa na wote. Wanawake wa Bethlehemu waliona wenyewe kwamba huyo mgeni alimfaa mama yule kuliko wana saba.

Tusidanganyane kwamba njia hii ni nyepesi. Jamaa wa kujichagulia nao huchoka. Jirani aliyeleta maji mwezi wa kwanza aweza kuacha mwezi wa tatu, na mjane asiwe na pa kushtaki, maana hakuna baraza la wazee linaloamua kesi ya wema uliokoma. Na mfiwa naye si malaika. Majonzi humfanya mkali, hukataa chakula, hutoa maneno makali kwa yule yule aliyemjia. Hapo ndipo tumkumbuke Adili mbele ya sura zile mbili zisizofanana tena na ndugu zake. Ajabu kubwa ya kitabu kile ni kwamba alirudi usiku wa pili, na wa tatu, na sahani mkononi.

Katika mitaa yetu twajua sana kuhesabu. Twahesabu siku za matanga, twahesabu arobaini, twaandika daftari la rambirambi na jina la kila aliyetoa. Daftari hilo hufungwa mapema mno. Twashauri kila jumuiya iache ndani yake ukurasa mmoja mtupu, na baada ya mikeka kukunjwa iandike: wiki hii atakwenda nani, na wiki ijayo nani, mpaka mavuno mawili yapite. Atakayeandikwa asichaguliwe kwa ukoo wake. Aende na kitu cha kula, akae, ale pamoja na mfiwa, hata kama hakuna la kusema.